Kinyozi Aliyesema Hakuona Kitu

Kinyozi wetu wa mtaa wa Section 58 hapa Nakuru hakuwa ananisalimia mimi. Alikuwa anasalimia kichwa changu. Anakishika kwa vidole viwili kama mtu anayechagua avokado sokoni, anakiambia, "Kichwa hujambo," anangoja kidogo, halafu anajijibu mwenyewe, "Hakijambo, ni vile hakijaamka." Ndiyo anawasha mashine. Kwa mtu kama mimi, ambaye mgeni akiniuliza jina nalisahau, hiyo ilikuwa heshima kubwa. Shule yetu ya wasichana haitaki nywele ya kushikika, kwa hivyo kila tukikaribia kufungua nilikuwa naenda kwake, na kwa miaka hiyo yote sidhani nilimwambia maneno mia moja. Yeye ndiye aliongea. Na aliongea na kioo, si na mimi, kwa hivyo ningeweza kumwangalia bila kuangaliwa.

Aliniita kwa darasa langu. Nilikuwa Form One, nikawa Form Two, sasa ni Form Three. Mimi nilimwita Guka kama watoto wote wa plot yetu, ingawa si babu yangu. Jina lake nililisikia mara moja tu, na naona halikumkaa vizuri. Hapa atakuwa Kinyozi.

Vinyozi wengine wa Nakuru huchora ukutani vichwa vya vijana wenye laini za wembe na nyota kisogoni. Ukuta wake ulikuwa umefunikwa na shuka. Shuka ya bluu ya maua, imepigiliwa misumari juu kabisa, inashuka hadi sakafuni. Mtu akiingia mara ya kwanza hudhani kuna kitanda nyuma yake, na wengine hushusha sauti kabisa wasimwamshe mgonjwa. Kinyozi hakuwa anawasahihisha. Alikuwa anangoja mtu aketi, amfunge kile kitambaa shingoni, halafu ndiyo aseme kwamba nyuma ya shuka kuna watu waliowahi kuona kitu angani, na je, yeye amewahi?

Kama hujawahi, unanyolewa unaenda zako. Kama umewahi, huruhusiwi kusema hata neno moja. Unafunguliwa kitambaa, unapewa penseli ya seremala, anakuinulia shuka upande mmoja, kiasi cha wewe kuona nafasi tupu na usione michoro ya wengine. Unachora ulichoona. Ukimaliza unarudi kwa kiti, na hapo sasa, mashine ikiwa kichwani, unasimulia. Ukishanyolewa na kupigwa spirit na poda ndipo anainua shuka yote, uone wenzako walichora nini. "Chora kwanza, maneno baadaye," alikuwa anasema. "Mdomo huazima. Mkono hauazimi."

Mimi sijawahi kuona kitu. Lakini nikiwa Form One, siku moja ambapo hakukuwa na mteja mwingine, aliinua shuka mwenyewe akaniacha niangalie. Alisema ni kwa sababu mimi ndiye mtu wa kwanza ambaye hakuuliza.

Sijui nitaelezaje ule ukuta. Kulikuwa na michoro labda sitini, mingine mikubwa kama beseni, mingine midogo kama kifungo, na chini ya kila mmoja alikuwa ameandika mahali tu. Njoro. Molo. Gilgil. Ziwani. Bondeni. Juu ya Menengai. Nilidhani itafanana. Haikufanana hata kidogo. Yeye ndiye alinionyesha jinsi ya kuisoma, akitumia kitana kama fimbo ya mwalimu. Hawa wa zamani sana, enzi za walowezi, wamechora ungo, ona hata nyuzi za ukindu. Huyu alikuwa kibarua wa pareto kule Molo, amechora trei ya kukaushia maua, ya mviringo lakini bado trei. Huyu alifanya kazi reli, kitu chake kina mwanga mmoja mwekundu na mmoja wa kijani. Huyu mama wa Bondeni, ambaye alikuwa amemleta mjukuu kunyolewa, amechora sinia na ukingo wake wote uliofinywafinywa, sinia ya harusi kabisa. Halafu redio ikafika, maneno ya visahani vinavyoruka yakaingia masikioni, na ukutani sahani zikaanza kuwa nyingi. Halafu televisheni, na vitu vikaota madirisha, miguu, na ngazi. Kijana mmoja wa Rhonda alichora chenye nambari ya usajili.

"Kila mtu ameona na vyombo vya kwao," Kinyozi alisema. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa historia ya Bonde la Ufa, na nikikumbuka vile tunafundishwa darasani, naona yake ilikuwa rahisi kushika.

Yule mama wa Bondeni alikuwa amemwambia kitu ambacho Kinyozi alikirudia kila mwaka, kwa hivyo nakijua kwa moyo. Kwamba aliona akiwa mtoto, alfajiri moja akimsindikiza babake msikitini, na babake alimwonya asiseme popote. Kitu cha mviringo kikiruka angani, watu hawaulizi kimetoka wapi, wanaulizana ni ungo wa nani. Ndiyo maana wazee wengi walinyamaza. Afadhali usionekane umeona, kuliko uanze kuulizwa uchawi wa nani unaujua. Miaka mingi baadaye mtu anaketi kwa kiti cha kinyozi, wembe uko shingoni, hana nafasi ya kuongeza chumvi, na maneno yanatoka yenyewe.

Sasa niseme na kasoro zake, kwa sababu alikuwa nazo.

Alikuwa anachukia uongo, lakini hakuna mwenye upara aliyetoka pale bila kuambiwa kwamba nywele zinarudi, ameziona zikichungulia. Alijisifu kwamba stima ikipotea yeye hasimami kwa sababu ana mashine ya mkono ya zamani, na ile mashine ilikuwa inang'oa badala ya kunyoa. Hakuwa anaamini chochote. Hakuamini utabiri wa hali ya hewa, hakuamini saa ya simu, na nilipojikaza siku moja nikamuuliza kama anaamini hivyo vitu vya ukutani, alisema hapana, kwa nini aamini, yeye hakuwepo. Lakini sikuwahi kumsikia akimwambia mtu kwamba kile alikuwa ameona ni ndege tu. Hata yule wa Lanet, ambaye kwa kweli alikuwa ameona ndege. Mtu akimaliza kusimulia, Kinyozi alikuwa na swali moja pekee:

"Shingo iliuma?"

Basi. Kama shingo iliuma, uliangalia. Kama haikuuma, ulisikia kwa mtu. Wengi walicheka, wengine waligusa kisogo kabla hawajajibu, na hao walioshika kisogo ndio aliowaandikia jina la mahali kwa wino badala ya penseli.

Kasoro kubwa kuliko zote ilikuwa hii: mtu mwenye ukuta wa mambo ya angani, yeye mwenyewe hakuwa anaangalia juu. Namaanisha kabisa. Alitembea akiangalia viatu vyake. Akitaka kujua kama anike mataulo, hatoki nje kutazama mawingu, anaita kwa mlango, "Fundi, kutanyesha?" Na fundi wa viatu, ambaye alikuwa anaketi hapo nje na masanduku yake, anajibu kila siku kwa sauti ile ile, "Mzee, hiyo mbingu si yangu, angalia mwenyewe." Haangalii. Fundi alikuwa anatuambia sisi watoto kwamba Kinyozi anaogopa kuchukuliwa.

Na katikati ya ukuta kulikuwa na nafasi tupu.

Ilikuwa mahali pazuri kuliko pote, usawa wa macho, imezungushiwa mstari wa penseli kama kiti kilichowekewa mtu. Hakuna aliyeruhusiwa kuchora hapo. Mteja mmoja mwenye gari kubwa, mtu wa kuheshimiwa, alitaka achore hapo, akaambiwa kwa upole kwamba pana mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa dada yake. Hilo aliniambia nikiwa Form Two, siku stima ilipotea na ile mashine ya mkono ikawa inaning'oa, na nadhani aliongea ili nisahau maumivu.

Walilelewa kwa shamba la mzungu, upande wa Subukia. Dada alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, tayari anakamua. Yeye alikuwa wa miaka saba, kazi yake kushika mkia wa ng'ombe. Asubuhi moja, kabla jua halijatoka, ndoo ikapinduka na maziwa yote yakaenda chini. Nyapara akaja juu. Akauliza ni nini. Dada akasema kuna kitu kimepita angani, kinang'aa, kama sahani. Nyapara akamgeukia yule mtoto wa mkia: na wewe umeona?

"Nikasema sikuona kitu," Kinyozi aliambia kioo.

Basi dada akabaki peke yake na sahani yake. Alifukuzwa kwa ukamuaji akapelekwa kwa pareto. Na jina likamshika: Sahani. Walilicheka wote, nani asicheke. Msichana Sahani, halafu Mama Sahani, halafu, wajukuu walipokuja, Shosho Sahani. Aliolewa karibu na barabara, na mahali pale pakaitwa Kwa Sahani. Leo makanga wanaita "Sahani! Sahani kushuka!" bila kujua ni mtu. Kuna bucha ya Sahani. Kuna kikundi cha kina mama cha Sahani chenye sare ya kijani. Binamu yangu anayesoma huko aliniambia wana mchezo wa kamba, wakiruka wanaimba sahani imemwaga maziwa, nani aliona, nani aliona, na ukikanyaga kamba unapiga kelele "Mimi sikuona!" na unatoka. Nilipomwambia Kinyozi hiyo, na ilinichukua likizo mbili kupata nguvu za kumwambia, alizima mashine. Halafu akauliza kama mtoto akishatoka, huwa anarudishwa mchezoni. Nilisema ndiyo, raundi inayofuata. Akawasha mashine.

Hakuwa amegombana na dada yake. Hapana. Dada alimtumia mahindi na maziwa kwa watu waliokuja mjini, yeye alimtumia sukari na dawa ya mgongo. Waliongea kwa simu kila Jumapili baada ya kanisa. Waliongea kila kitu. Isipokuwa asubuhi ile. Kila mwaka alimwomba aje achore, na kila mwaka dada alimjibu kwamba ameulizwa hilo jambo mara elfu na hana la kuongeza. Na Kinyozi alikuwa anahesabu miaka iliyowabakia wote wawili. "Form Two," aliniambia, "kuna watu sitini hapa, na wote nimewatafuta kwa sababu ya mmoja. Nilitaka akija akute hayuko peke yake."

Kwa hivyo nilijua. Labda ni mimi tu na kioo tuliokuwa tunajua.

Sasa nafika kwa siku ile. Ilikuwa Jumamosi, saa tano hivi, na sisi tulikuwa tunafungua shule Jumatatu. Nilikuwa kwa kiti. Upande wangu wa kushoto ulikuwa umeisha na wa kulia bado, yaani nilikuwa kama kiwanja kilicholimwa nusu, na nasema hivi kwa sababu nilibaki hivyo kwa mambo yote yaliyofuata.

Mlangoni akasimama shosho mmoja mrefu, kitambaa cha kichwa cha kijani, kikapu mkononi, anacheka peke yake mpaka anashika fremu ya mlango. Kinyozi alizima mashine. Shosho hata hakusalimia. Alianza tu kusema. Kamati ya stage ya matatu ya kwao imechanga pesa ikaweka bango kubwa, Karibu Sahani, na aliyechora hilo bango ni kijana kutoka mbali ambaye hakuelezwa. Kwa hivyo amechora sahani. Ya kula. Imejaa chips, na uma kando, na tomato.

"Kamwana," alimwambia Kinyozi, kama anaita kijana mdogo, na Kinyozi ana miaka zaidi ya sabini, "nimechekwa miaka yote na nimevumilia. Lakini chips?"

Fundi wa viatu alikuwa ameshaingia nusu mwili. Kinyozi alikuwa bado ameshika kitana. Nilimwona kwa kioo: alitaka kucheka na hakuthubutu.

Shosho akasema amekuja kuchora, basi. Achore vile ilikuwa, yule kijana wa bango atumiwe picha kwa simu, arekebishe. Iko wapi hiyo penseli yenu?

Kinyozi aliitafuta ile penseli kila mahali, na ilikuwa nyuma ya sikio lake. Nilitaka kumwambia, sauti haikutoka, nikaonyesha kwa kidole.

Dada aliishika, akaenda kwa shuka, akageuka. "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe utachora wapi?"

Kinyozi akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba yeye hachori. Yeye hakuona kitu. Alishasema.

"Najua ulisema. Nilikuwa karibu," dada akasema. "Chukua karatasi, keti huko, unipe mgongo. Si hizi ndizo sheria zako?"

Fundi aling'oa ukurasa wa kalenda ukutani, mwezi uliokwisha, akampa. Kinyozi akaketi kwa benchi ya wateja na kugeukia mlango. Dada akaingia chini ya shuka, mzima, mpaka ikawa ni miguu tu inaonekana na kikapu. Mimi nilibaki katikati na nusu ya nywele. Kwa kioo niliona mgongo wa mmoja na maua ya bluu ya mwingine yakitikisika. Huko nje mtu alikuwa anauza mayai kwa kipaza sauti.

Kinyozi alimaliza kwanza, akaiweka karatasi kwa benchi nikaiona. Alikuwa amechora haraka, bila kuinua penseli, kama mtu anayeandika jina lake. Mviringo, umekaa kimshazari, na ukingo wake wenye maua madogo madogo, na chini ndoo imelala na maziwa yanakimbia. Alichora mpaka povu. Nikaelewa kwamba aliona. Aliona vizuri kuliko watu sitini.

Halafu dada akatoka, akajipangusa vumbi, na yeye mwenyewe akainua shuka.

Kwenye ile nafasi hakukuwa na sahani. Hakukuwa na ungo, wala sinia, wala mwanga. Kulikuwa na mtoto. Mtoto mdogo wa mistari kama vijiti, kaptula kubwa, mkono mmoja umeshika mkia wa ng'ombe, kichwa kimelala nyuma kabisa mpaka kofia imeanguka, na mdomo wazi.

Kinyozi aliangalia. Alikaribia, akaangalia tena.

Dada alieleza polepole, sasa bila kucheka. Alikuwa anakamua, uso wake uko kwa ubavu wa ng'ombe, mtu akikamua haoni mbingu. Alichoona ni ndugu yake. Uso wa ndugu yake ulikuwa umewaka kama mtu aliyesimama mbele ya moto, na ndugu yake alisema neno moja, polepole: sahani. Ndipo akashtuka na ndoo ikaenda. Alipoinuka, mbingu ilikuwa mbingu tu. Nyapara alipouliza, alirudia lile neno la mtoto, kwa sababu mtu mzima kidogo huchapwa kidogo, na mtoto wa miaka saba hajui kukwepa fimbo.

"Mdomo wangu uliazima," alisema. "Neno lilikuwa lako. Mimi nimekubebea tu."

Alikuwa anaijua hiyo sheria ya mdomo na mkono, kumbe habari za ukuta alikuwa anaambiwa kwa simu kila Jumapili.

Fundi wa viatu alikuwa ameinamisha kichwa. Mashine ilikuwa mezani. Niliona kwamba kila mtu anangoja mtu, na mimi ambaye sijawahi kusema kitu mbele ya watu watatu nilisikia sauti yangu ikitoka chini ya kile kitambaa.

"Guka," nikasema. "Shingo iliuma?"

Aligeuka. Hakuangalia kioo. Aliniangalia mimi. Mkono wake ukapanda wenyewe hadi kisogoni.

"Mpaka leo," akasema.

Hapo dada yake ndiyo alianza kucheka upya, akacheka mpaka akaketi kwa kikapu chake mwenyewe, na kulikuwa na mayai ndani, na hata hiyo ikamchekesha. Alisema jina amelibeba limechakaa, sasa mwenyewe alichukue, kuanzia leo yeye ni Wanjiru tu, mtu wa kanisa. Fundi akapiga picha ya ile karatasi ya kalenda ili ipelekwe kwa mchora bango. Halafu akapiga na ile ya ukuta, akasema hiyo ndiyo ingefaa zaidi, na dada akasema ziwekwe zote mbili.

Kinyozi aliniambia, "Form Three, nipe dakika," na akatoka nje.

Nilizungusha kiti nimwone. Alikuwa amesimama katikati ya barabara ya mchanga, mchana kweupe, vumbi la poda kwa mikono, kichwa kimelala nyuma kabisa. Kofia yake ilianguka na hakuiokota. Boda boda zilikuwa zinampita kushoto na kulia zikipiga honi. Fundi wa viatu alikaa kwa sanduku lake, akamwangalia kwa muda, halafu akaita kwa ile sauti yake ya kila siku:

"Mzee, kutanyesha?"

"Ngoja kwanza," Kinyozi akasema. "Naangalia."